Jina la Tatu

Kabla ya jina lolote, jiwe.
Tone la mafuta, tindo imeinama nyuzi arobaini na tano,
mbele, nyuma, mbele,
mpaka uso wake uonyeshe dirisha la duka
na mlima wa Ibra, wenye rangi ya kutu, ndani ya dirisha.
Kisha naijaribu juu ya ukucha:
ikiteleza ni butu, narudi jiweni;
ikinasa, bismillahi.

Ndivyo alivyonifunza baba, Sleyum,
kwa Kiswahili,
maana Kiarabu alikiweka kwa wateja
na Kiswahili kwa vitu vinavyokata.
"Mkono usiufuate mstari, Shinuna.
Mstari uufuate mkono."
Kwa hiyo bangili hukaa juu ya lami iliyopashwa moto,
lami juu ya mfuko wa ngozi ulioshiba mchanga;
mkono mmoja husukuma, wa pili huzungusha,
na gumba hutangulia, breki,
lenye kovu kwa kila mara lililochelewa.
Yeye alikuwa mashoto.
Nilijifunza kazi yake yote kama mtu asomaye kwenye kioo.

Alhamisi akaja kijana, Muhenna,
gari amelicha linanguruma nje kwa ajili ya baridi yake.
Bangili ya bibi yake, fedha nzito, kifungo cha msumari.
"Futa Ghanima," akasema. "Andika Thuraiya.
Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo."
Alisema futa
kama mtu anavyosema futa meza.

Jina halitoki kwenye fedha.
Ni fedha inayoshuka mpaka lilipo:
kikwangulio, msasa, jiwe laini,
mwisho akiki, inayosugua mpaka uso usahau.

Nikapima kwanza.
Pande zote, unene wa sarafu.
Hapa, chini ya Ghanima, ganda la yai.
Mtu alishapita.
Nikapaka masizi na mafuta, nikapangusa kwa kidole,
masizi yakabaki pale yalipotaka:
meno matatu ya sini,
mkia wa wau,
nukta moja isiyo na mwenyewe.

"Kuna mwingine chini ya bibi yako," nikamwambia.
Akacheka. Kisha hakucheka.
Akapiga simu kwa mama yake, Maskati,
akaiweka mezani, sauti juu, kati ya tupa na koleo.
Mama akanyamaza muda wa kunoa tindo moja.
"Babu yako alioa kabla. Kule kule Pemba.
Mwambie fundi asichimbe."

Nikamweleza ya chuma tu, ya ukoo si yangu:
jina la tatu litatoboa.
Tindo itatokea upande wa pili
na Thuraiya atavaa tundu.
"Na ndani?" akauliza. "Upande wa ngozi?"
Ndani nako ni fedha ile ile, kijana wangu.

Akaiviringisha kwenye kitambaa.
Alilipa riali tano kwa kazi isiyofanywa,
nikamrudishia tatu.
Kuchungulia nako ni kazi.

Hili sikumwambia.
Kila mkato wa Ghanima una kuta mbili,
moja wima, moja imelala,
na iliyolala ilikuwa upande usio wangu.
Aliyelifuta la kwanza simjui.
Aliyeliandika la pili alikuwa mashoto.
Mashoto ni wengi duniani,
na baba hakuwahi kunitajia bangili,
wala mwanamke aliyeingia dukani
akasema futa.

Alasiri nikafunga mlango,
nikakata kipande cha shaba, nikakipaka chokaa,
nikahamishia tindo mkono wa kushoto.
Niliandika ghaini.
Ikatoka imepinda, inatetemeka, kama ya mtoto,
na gumba likachelewa.
Nilinyonya damu.
Nikajaribu ncha kwenye ukucha.
Ikateleza.
Nikarudi jiweni.